Askari akisema "rudi futi 25": nini sheria, nini amri tu

SWALI: Habari za kazi, wakili. Mimi ni Mtanzania, naishi Jacksonville, Florida, nina grini kadi. Jumamosi jioni polisi walimsimamisha jirani yangu, mama wa Kikongo, kwenye pakingi ya nyumba tunazopanga. Kiingereza bado kinamsumbua, kwa hiyo nikatoka na simu ili nirekodi, na ikibidi nimtafsirie. Nilikuwa kama hatua nne kutoka walipo. Askari mmoja akanigeukia, akasema nirudi nyuma futi 25 la sivyo atanikamata. Nikarudi, nikaendelea kurekodi kwa mbali. Mume wangu anasema nilikosea kutoka nje kabisa. Shemeji anasema nilikuwa na haki ya kubaki palepale. Nani yuko sahihi? Na futi 25 mtu anazipimaje gizani?

JIBU: Salama, dada. Mumeo amekosea kuhusu kurekodi, shemeji amekosea kuhusu kubaki palepale. Ulichofanya wewe ndicho ambacho wakili yeyote wa jinai angekuambia ufanye. Ila sababu zake ni vizuri uzijue, maana siku nyingine mambo hayatakwenda kwa utulivu huo.

Sheria iliyo nyuma ya amri ya yule askari ni kifungu cha 843.31 cha sheria za Florida. Watu wanaiita HALO. Gavana Ron DeSantis aliisaini Aprili 2024 na ikaanza kutumika Januari 1, 2025. Wengi wanadhani imechora duara la futi 25 kumzunguka kila askari, na ukikanyaga ndani tu umevunja sheria. Sivyo. Kabla ya kuonywa, hakuna kosa la HALO hata ukiwa umbali wa futi sita. Kosa linaundwa na vipande, na mwendesha mashtaka lazima avithibitishe vyote.

Kwanza, uwe umepokea onyo la mdomo la kutosogea. Pili, uwe unajua, au ilipaswa ujue, kwamba aliyekuonya ni mhudumu wa dharura aliye kazini kihalali. Hapo wamo polisi, maofisa wa uangalizi wa wafungwa, zimamoto na watu wa ambulansi. Tatu, baada ya onyo uwe umesogea au umebaki ndani ya futi 25. Nne, na hapa ndipo kesi nyingi zitasimama au kuanguka, uwe na nia mojawapo kati ya tatu: kumzuia au kumwingilia katika kazi yake, kumtishia kumdhuru mwili, au kumsumbua. Kumsumbua nako kumefafanuliwa. Ni mwenendo wa makusudi unaomlenga yeye, unaomletea maumivu makubwa ya moyo, na usio na lengo lolote halali. Adhabu yake ni ya kosa dogo la daraja la pili: kifungo kisichozidi siku 60 na faini isiyozidi dola 500.

Sasa jiweke kwenye ile pakingi. Kumrekodi askari akiwa kazini mahali pa wazi ni haki inayolindwa na Marekebisho ya Kwanza ya Katiba ya Marekani. Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa 11, ambayo Florida iko chini yake, ilisema hivyo mwaka 2000 katika kesi ya Smith dhidi ya mji wa Cumming. Kurekodi kuna lengo halali, kwa hiyo peke yake si kumsumbua. Shemeji ameishika hoja hii vizuri, ila ameiachia njiani. Mahakama ile ile ilisema haki hiyo iko chini ya masharti ya kiasi kuhusu wakati, namna na mahali. Kuambiwa usogee mita chache huku kamera yako ikiendelea ni aina ya sharti ambalo majaji hulikubali kwa urahisi.

Lipo na jambo la pili, ambalo watu wa "haki yangu, haki yangu" hulisahau. Nia yako mahakama itaipima miezi mitatu baadaye, kwa utulivu, mawakili wakiwa pande zote. Yule askari anaipima kwa sekunde mbili akiwa na tochi mkononi. Ili akukamate hahitaji ushahidi wa kukutia hatiani, anahitaji sababu ya msingi tu ya kuamini kosa limetendeka. Mtu aliyeambiwa arudi akakaza miguu ameshampa nusu ya sababu hiyo. Kesi yaweza kufutwa baadaye, na bado usiku ule ukawa umelala mahabusu na alama zako za vidole zimeshachukuliwa. Nitarudi kwenye alama za vidole, kwa mwenye grini kadi ndilo jambo zito kuliko faini.

Kwa hiyo miguu irudi, kamera ibaki. Ukirudi, unakuwa umekiondoa kile kipande cha tatu na hakuna tena cha kushtaki chini ya HALO. Askari akikuamuru uzime simu ukiwa umeshatoka nje ya futi 25 na humwingilii, hapo ni yeye anayevuka mpaka.

Kuhusu kupima. Futi 25 ni mita 7.62. Nafasi moja ya kuegesha gari Marekani kwa kawaida ina upana wa futi 9, kwa hiyo nafasi tatu zikihesabiwa kwa upana ni futi 27, umevuka kidogo. Mistari ile nyeupe huonekana hata kwenye mwanga hafifu. Barabarani, njia moja ya magari kwenye barabara kuu ni kama futi 12, basi mbili zinakaribia kabisa. Ongeza hatua mbili. Gari la saluni lina urefu wa futi 15 au 16, basi moja na nusu ni pungufu kidogo; hesabu magari mawili. Kwa hatua za kawaida ni kumi au kumi na moja, lakini ukirudi kinyumenyume umeinua simu hatua zako zinakuwa fupi na utahitaji kumi na tatu au zaidi. Afadhali ugeuke, utembee kawaida, kisha ugeukie tena tukio. Wanaorudi kinyumenyume hujikwaa kwenye ukingo wa njia ya waenda kwa miguu, na mtu anayeanguka ghafla karibu na askari mwenye wasiwasi si jambo la kuombea. Nenda futi 30. Hakuna atakayekupongeza kwa kusimama kwenye futi 25 na nusu.

Tatizo moja halina dawa: duara linatembea. Unapimwa kutoka kwa askari, si kutoka kwa gari lililosimamishwa. Wakifika askari wanne wakasambaa, kila mmoja ana mduara wake wa karibu mita za mraba 182, na pakingi nzima inaweza kumezwa. Sheria inasema kusogea *au kubaki*. Askari akikujia yeye, rudi tena, na useme kwa sauti ili simu yako iinase: "I am backing up, officer." Sentensi hiyo fupi kwenye rekodi ina thamani kuliko hotuba ya dakika kumi kuhusu Katiba. Usirudi hadi katikati ya barabara, maana hapo utapewa kosa jingine la kuzuia magari. Ukikosa pa kwenda, uliza: "Nisimame wapi?" Akikuonyesha mahali, simama hapo hata pakiwa mbali kuliko futi 25, kisha lalamika kesho.

Na ukiwa mlangoni kwako? Kifungu kinamhusu mtu yeyote, hakikuweka msamaha kwa aliye kwenye kibaraza chake. Ukiambiwa, ingia ndani, urekodi dirishani.

Sasa suala la kumtafsiria jirani, ambalo naona ndilo lililokutoa nje hasa. Hapa ndipo watu wema wanakamatwa. Kusogea kati ya askari na mtu anayemhoji, ukiongea lugha asiyoielewa, ni picha kamili ya kuingilia kazi. Yeye hajui kama unasema "mwambie ukweli" au "kimbia". Namna salama ni kubaki mbali, mikono ionekane, uite mara moja kwa Kiingereza kwamba unaongea Kiswahili na uko tayari kutafsiri akitaka. Kisha nyamaza. Akikuita, sogea, hapo amekuruhusu. Asipokuita, anaweza kutumia mkalimani wa simu. Usimpigie jirani kelele kwa Kiswahili kumwelekeza la kujibu. Hata "usiseme kitu, dada!" moja ikirudiwa mara sita, mwendesha mashtaka ataiita kuingilia, na utakuwa na kazi ya kueleza.

Maneno yenyewe, hata makali, si kosa. Mahakama Kuu ya Marekani katika kesi ya City of Houston dhidi ya Hill, mwaka 1987, ilisema watu wana uhuru wa kumpinga askari kwa mdomo bila kuhofia kukamatwa. Lakini ile tafsiri ya "kumsumbua" ya Florida imeacha mlango wazi hapo, na mimi nisingependa uwe wewe wa kuupima. Mwenye uraia anaweza kujitolea kuwa kesi ya mfano. Wewe subiri uapishwe kwanza.

Simu nayo ina mambo yake. Itoe mapema, kabla hujafika karibu. Kitu cheusi kinachochomolewa mfukoni gizani ni hatari kuliko umbali wowote. Ishike usawa wa kifua, kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa wazi. Kwa futi 30 ukuzaji wa mara mbili unatosha. Ukikuza zaidi picha hutetemeka na usiku hujaa chengachenga. Sauti ndiyo hupotea kwa umbali huo, kwa hiyo usiizibe maikrofoni ya chini kwa kidole na usiongee juu ya tukio. Funga simu kwa namba ya siri, si kwa uso wala kidole. Tangu uamuzi wa Riley dhidi ya California wa mwaka 2014, polisi wanahitaji hati ya mahakama kupekua simu ya mtu waliyemkamata. Huna haja ya kuwatajia namba hiyo palepale, wala hawana mamlaka ya kukuamuru ufute video. Washa kuhifadhi mtandaoni (cloud) ili nakala iende yenyewe. Askari akiishika simu, usimnyang'anye.

Hilo la kutonyang'anya lina hesabu yake. Florida, kukinza ukamataji bila fujo, yaani kukaza mkono tu au kujivuta, ni kosa dogo la daraja la kwanza: hadi mwaka mmoja na dola 1,000. Kumgusa askari kwa makusudi dhidi ya hiari yake, hata kumsukuma kidogo, ni kosa kubwa la daraja la tatu, hadi miaka 5. Unaona jinsi kosa la siku 60 linavyokuwa la miaka 5 ndani ya sekunde tatu, kwa sababu ya simu. Na wakiwa ni maofisa wa serikali kuu, kama wale wa uhamiaji, kuna sheria ya shirikisho inayoadhibu kumshambulia au kumzuia kwa nguvu afisa wao. Hiyo haina futi wala onyo.

Sasa alama za vidole. Ukipokelewa mahabusu, alama zako hutumwa FBI na zinafika pia kwa idara ya usalama wa ndani inayosimamia uhamiaji. Hilo hutokea hata kwa kosa la dola 500 na hata kesi ikifutwa kesho yake. Kwa mwenye grini kadi halali asiye na rekodi, kukamatwa tu hakuiondoi kadi. Kwa asiye na karatasi hali ni nyingine. Sheria ya Laken Riley ya Januari 2025 inalazimisha kuwekwa kizuizini kwa wahamiaji wa aina fulani wasio na hadhi halali wakikamatwa au kushtakiwa kwa makosa kadhaa, na kumshambulia askari ni mojawapo. Kama jirani yako au mgeni wenu yuko katika hali hiyo, asiwe yeye wa kutoka na simu. Atoke mwenye uraia.

Wakikukamata, mikono nyuma, mdomo ufungwe baada ya sentensi mbili: nitakaa kimya, nataka wakili. Florida lazima ufikishwe mbele ya jaji ndani ya saa 24. Usiku huo omba pia ubalozi wako ujulishwe; ni haki ya raia wa kigeni. Kama huna uwezo utaomba wakili anayelipwa na serikali. Fomu ina ada ya dola 50, na usipokuwa nayo papo hapo huwezi kunyimwa wakili kwa hilo. Mwambie maneno haya kabla ya yote: mimi si raia. Uamuzi wa Padilla dhidi ya Kentucky wa mwaka 2010 unamlazimu akueleze athari za kiuhamiaji za kukiri kosa.

Mtego uko asubuhi ile ya kwanza. Utaambiwa: usipinge mashtaka, jaji hatakutia hatiani rasmi, unalipa kidogo unakwenda nyumbani. Kwa mzaliwa wa Florida hiyo ni nafuu kweli. Kwa sheria ya uhamiaji, kutopinga mashtaka pamoja na adhabu yoyote, hata faini, huhesabiwa kuwa umetiwa hatiani, hata kama jimbo lenyewe halisemi hivyo. Na fomu ya kuomba uraia, N-400, itakuuliza kila mara uliyowahi kukamatwa, hata rekodi ikiwa imefutwa. Kwa hiyo usikubali chochote asubuhi hiyo kabla ya kuongea na wakili anayejua uhamiaji, hata kama mtoto anasubiri kuchukuliwa shule.

Ukiwa na ndugu majimbo mengine, usiwatumie maelezo haya kama yalivyo. Kipande cha nia nilichokisisitiza ni cha Florida. Indiana mwaka 2023 ilipitisha futi 25 bila kudai nia yoyote kati ya zile tatu: askari akishasema usisogee, ukasogea, umekosa. Huko South Bend mtu aliyekuwa akirekodi aliambiwa arudi futi 25 nyingine kutoka pale alipokuwa ameshaambiwa asimame. Kesi yake alishindwa. Lakini vyombo vya habari vilifungua nyingine, na Septemba 2024 Jaji James Sweeney akaizuia sheria kwa muda. Agosti 2025 Mahakama ya Mzunguko wa 7 ikaunga mkono zuio hilo kwa sababu sheria haina kipimo. Swali lililowasumbua majaji lilikuwa rahisi: je, askari anaweza kukufukuza kwa sababu tu kifungua kinywa chake hakikuwa kizuri? Kwa maandishi yale, ndiyo.

Louisiana ni hadithi ileile. Gavana John Bel Edwards aliipigia veto mwaka 2023, Gavana Jeff Landry akaisaini mwaka uliofuata, ikaanza Agosti 1, 2024, na Januari 31, 2025 Jaji John deGravelles akaizuia kwa muda. Ile angalau ilimpa mshtakiwa utetezi kwamba amri haikusikika au haikueleweka, jambo ambalo sisi wenye Kiingereza cha ukubwani tunalielewa vizuri. Tennessee nayo imeweka futi 25 mwaka 2025. Arizona ndiyo iliyojaribu kwa jeuri zaidi: mwaka 2022 ilipiga marufuku kurekodi, kurekodi kwenyewe, ndani ya futi 8. Hakuna hata ofisi moja ya serikali iliyoshtakiwa iliyokubali kwenda kuitetea mahakamani, na Jaji John Tuchi akaizuia mwaka huohuo, kisha ikawekewa zuio la kudumu 2023. Kushindwa huko kunaeleza kwa nini majimbo mengine yanaandika kuhusu *kukaribia* na kuikwepa kamera. Zuio la muda si kufutwa, kwa hiyo ndugu yako Indianapolis asisimame futi tano akitegemea jina la jaji.

Kule kwetu, nikiongeza pembeni, sheria za jinai za Tanzania na Kenya zinaadhibu kumzuia askari bila kutaja umbali wowote. Wanaotoka huko hufika Marekani wakidhani futi 25 ni ukali mpya. Kwa kweli namba, ikiandikwa vizuri, inamfunga askari pia. Ubaya ni pale namba inapowekwa na sababu ikaachwa.

Kwa tukio lenu la Jumamosi, kazi bado haijaisha. Video yako usiikate, usiibandike maneno, usiitume kwa WhatsApp kama nakala pekee maana WhatsApp huipunguza ubora na kupoteza taarifa za saa na mahali. Hifadhi faili lenyewe, andika leo tarehe, saa, namba za gari la polisi kama zinaonekana, na uliposimama ukihesabu nafasi za pakingi. Kama jirani alipewa tiketi au alikamatwa, mkabidhi wakili wake nakala. Na kama askari walivaa kamera kifuani, mwambie jirani aombe rekodi hiyo kwa maandishi, yeye mwenyewe kwa kuwa ndiye aliyerekodiwa. Florida inazitaka idara zizitunze rekodi hizo kwa siku zisizopungua 90. Hesabuni kuanzia Jumamosi.